Mkono wa Kuogeshea Mjukuu

Kwetu sisi wa mlimani, jina la mjukuu wa kwanza ni la upande wa baba. Hilo halina mjadala, na sikuwahi kuligombea. Binti yangu aliponiambia ana mimba, nilijua kabisa kwamba akizaa wa kike mtoto ataitwa jina la mama mkwe wake, mwanamke ninayemheshimu sana akiwa Moshi, na heshima hiyo hupungua kadiri basi linavyokaribia Dar es Salaam. Jina achukue. Lakini uzazi ni wangu. Mama mzaa mama ndiye anayempokea mzazi nyumbani kwake, anampikia mtori wa ndizi na nyama, anamkanda, na kila asubuhi anamwogesha mtoto. Nilikuwa nimeshanunua beseni, la bluu, pana, nikaliweka juu ya kabati na kulifunika kanga, na tumbo lenyewe lilikuwa halijaanza hata kuonekana.

Kilichonisaliti ni mkono.

Ninauza vitambaa vya sare Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Kongo. Kamati ya harusi inakuja, wanawake saba wenye maoni tisa, wanabishana kuhusu rangi ya zambarau ipi ni zambarau, halafu wakishakubaliana wanataka kila mtu akatiwe kipande chake papo hapo. Kwa hiyo kazi yangu hasa ni mkasi. Ni mkasi mkubwa wa chuma, wa kizamani, na kwa miaka mingi nilikuwa siuhisi mkononi. Asubuhi moja ya masika niliuchukua, na vidole havikufunga. Nikavilazimisha. Maumivu yakapanda mpaka begani, nikauweka chini na kujifanya natafuta chaki.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nikiamka mikono imekakamaa, vifundo vimevimba vina joto, vimekaa kama tangawizi. Kufika karibu na adhuhuri inalegea kidogo, nafanya kazi, kesho yake tunaanza upya. Sikumwambia mtu. Wateja wa asubuhi niliwaambia kitambaa wanachokitaka bado kiko kwenye kontena, hakijatoka bandarini, na Kariakoo hakuna uongo unaoaminika haraka kuliko huo. Nyumbani nilijipaka kila kitu kinachopakwa. Mafuta ya nyonyo, mafuta ya mbuni, dawa ya Kimasai, mafuta ya upako kutoka kanisani. Vidonge vya maumivu nilivinunua duka la dawa nikavila kama karanga mpaka tumbo likaanza kuwaka.

Aliyenigundua ni jirani yangu wa dukani. Tunapakana ukuta. Yeye ni mtu wa pwani hasa, wazazi wake na wazazi wao wamezikwa hapahapa mjini, anauza kanga na udi, na tangu nimfahamu hajawahi kupitisha siku bila kunitania. Siku hiyo alinikuta nimesimama mbele ya kufuli la duka langu, ufunguo umo ndani, mimi nimeugandia tu.

"Mwenzangu," akasema, "kufuli limekukataa au mkono?"

"Kufuli."

Akausogeza mkono wangu pembeni, akauzungusha ufunguo mara moja, kufuli likafunguka. Kesho yake akaja akafungua tena, na keshokutwa. Mwisho wa wiki akanishika kiwiko. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Vaa viatu, tunaenda Upanga."

Daktari aliyetuona pale Upanga alikuwa mtu mzima mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa na kukulia mtaa huohuo wa kliniki yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Alinipima damu, akapiga picha za mikono, akabonyeza vifundo kimoja kimoja akinitazama usoni badala ya kutazama mikono. Kisha akasema ni baridi yabisi, lakini si ile ya uzee. Ni ile ambayo askari wa mwili wanaishambulia nyumba wanayoilinda.

"Nimewakosea nini?" nikauliza.

"Hujawakosea kitu, mama."

Jibu hilo lilinikera. Mtu akipigwa kwake mwenyewe anataka angalau kujua sababu. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na jirani yangu, aliyekuwa ameingia nami bila kukaribishwa, akaitikia, "Hakika."

Daktari akacheka, akauliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, akavuta bahasha ya picha, akaanza kuchora nyuma yake. Nilipenda alivyochora, bila haraka, kama mtu anayekata gauni.

"Kila seli ya mwili wako," akasema, "imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta. Watu wanadhani mafuta ni ya kuwekwa akiba tu tumboni. Kumbe ni kitambaa. Askari akishtuka anachukua mkasi, anakata kipande cha ukuta wake mwenyewe. Mafundi wanakipokea wanakishona, kinakuwa ujumbe. Ujumbe unasema, njooni, adui kaingia, washeni moto. Mishipa inapanuka, maji yanajaa kwenye kiungo, wewe unasikia joto na maumivu. Na kuna ujumbe mwingine wa mafuta uliomo kwenye damu, huo unawaita askari waliopumzika kwenye tezi watoke waingie barabarani."

"Na huyo adui yuko wapi?"

"Hayupo."

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeikasirikia kwa miezi, kumbe na yenyewe ilikuwa inapigwa bure.

Akaendelea. Vile vidonge nilivyokuwa navila kama karanga vinamsimamisha fundi mmoja tu, wengine wanaendelea kushona. Atanipa prednisoloni, ambayo pamoja na kazi zake nyingine inauficha mkasi wenyewe. Na atanipa dawa ya pili, ya polepole, ndugu wa klorokwini ile ya malaria ya zamani. Hiyo itachukua miezi kuonyesha kazi, na prednisoloni itatushikia zamu mpaka hapo, kisha tutaipunguza kidogo kidogo.

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua. Kwa mtu mzima wa afya, aliyejikata kidole tu, huo moto unazimwa na nini?

Aliweka kalamu chini. Nadhani hakulitegemea swali hilo kutoka kwa muuza sare. "Zamani tulidhani unajifia wenyewe," akasema, "kama mkaa. Siyo. Kuna ujumbe wa kuzima, nao unashonwa kwa mafuta vilevile, mengine ni aina ya yale yaliyomo kwenye samaki. Unasema, basi, kazi imekwisha, fagieni, rudini nyumbani. Kwako wewe inaonekana ujumbe huo ni dhaifu, au unafika na hausikilizwi. Watu bado wanachunguza. Nisikudanganye kwamba tunajua yote."

Kisha akaninyooshea kidole, na hapo sauti yake ikabadilika. "Usiache prednisoloni ghafla. Mwili una tezi zinazotengeneza dawa ya namna hiyo zenyewe. Ukimeza ya kidonge, zinalala. Ukiacha siku moja tu kwa kujiamulia, utaziamsha haziamki. Umenisikia, mama?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, naweza kuyarudia maneno yake mpaka leo kama unavyoona.

Jirani yangu yeye alichokishika katika habari yote ile ni samaki. Mumewe hununua mnadani Feri kila alfajiri, na kuanzia siku hiyo mfuko wa vibua ukawa unaning'inia kwenye komeo la duka langu. Sisi wa mlimani samaki tunamhesabu kama mboga ya dharura. Nilimwambia jirani kwamba daktari amesema samaki si dawa, ni chakula kizuri tu.

"Basi kula chakula kizuri," akanijibu. "Nyie Wachaga mmekula nyama mpaka ng'ombe wakiwaona wanajificha."

Prednisoloni ilifanya kazi haraka kiasi cha kunitisha. Haikupita wiki nikaushika mkasi asubuhi, nikakata mita za sare ya watu wa kanisani bila kupumzika, na nililia kwa furaha nyuma ya majora ya satini. Pamoja na nguvu, ukaja uso. Mashavu yakajaa, yakawa duara, ngozi ikang'aa. Daktari alikuwa amenionya, lakini Kariakoo haikuonywa. "Mama, umenawiri!" "Mjini kumekukubali!" Mwenzangu mmoja wa kwaya alinishika mashavu akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikaitikia amina. Nilipokea kila sifa iliyokuja, nikamwachia jirani yangu peke yake ukweli wa mashavu hayo.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu, ingawa siku ile sikuuona kama ujinga. Niliuona kama hesabu iliyokamilika.

Mimba ya binti yangu ilipoingia mwezi wa mwisho, nilianza kuwaza jambo alilokuwa akilisema marehemu mama yangu. Anayemwogesha mtoto mchanga asiwe na dawa kali mwilini, kwa sababu mtoto analazwa kwenye kifua na mikono yenye jasho, na ngozi yake bado inafyonza. Nilipojifungua mimi, shangazi yangu alikuwa kwenye sindano za kifua kikuu, na mama alimkalisha mlangoni mwezi mzima. Hakumgusa mtoto. Kwetu hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hayo ya mama nikajumlisha ya daktari. Kidonge kinawatuliza askari wangu. Jasho langu litabeba kidonge. Mtoto amezaliwa jana, askari wake ndio kwanza wanavaa sare, na bibi yake anawalaza kila asubuhi kwa mikono yake miwili ndani ya beseni la bluu. Sikumuuliza daktari kwa sababu nilijua atasema nisiache, na sikumuuliza jirani kwa sababu angenipeleka kwa daktari. Nikachukua dawa zote mbili, nikazifukia ndani ya ndoo ya unga wa sembe. Nitafika kwa mjukuu wangu nikiwa safi.

Siku za kwanza nilijiona shujaa. Nikajiambia ugonjwa umekwisha, walichelewa tu kuniambia. Kisha miguu ikaanza kuishiwa nguvu. Nilikuwa nikisimama dukani kuta zinaelea. Chakula hakikukaa. Halafu maumivu yakarudi, na safari hii hayakuchagua viungo, yakaingia vidole, magoti, mabega, hata taya, nikawa siwezi kutafuna mkate.

Simu ya mkwe wangu ilinikuta jikoni, sakafuni. Nilikuwa nimekaa chini kumenya ndizi za mtori wa mzazi, nikashindwa kusimama, kisu kimenidondoka. Nikaisukuma simu kwa kiwiko mpaka ikaitika.

"Mama, shikamoo. Tumeshafika hospitali, uchungu umeanza. Unakuja?"

Nilijibu marahaba. Nyuma yake nilimsikia binti yangu akilia, na mimi nikaitazama dari. Kuja nilitaka kuliko kitu chochote duniani. Nikamwambia niko njiani.

Jirani yangu aliona duka halijafunguliwa, akapiga simu isijibiwe, akaja nyumbani kwangu kwa bajaji ileile iliyonipeleka kliniki muda mfupi baadaye, mimi nikiwa nimemlalia begani kama jora lililolowa. Njia nzima alikuwa akisema, "Sikio la kufa halisikii dawa," halafu, "Usife lakini, we mwanamke," halafu anaanza tena mwanzo. Wakati binti yangu anamsukuma mwanawe duniani hospitalini upande mmoja wa mtaa, mimi kliniki upande wa pili nilikuwa nimetundikiwa dripu, dawa ileile niliyoifukia kwenye unga ikiniingia kwenye mshipa.

Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alivuta kiti akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, mama yangu, shangazi, jasho, beseni, unga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jasho lako halitamfanya kitu," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia. Ulinzi wake mtoto alipewa na mama yake tumboni, na anaendelea kupewa kwenye maziwa." Akaongeza, "Halafu mama, bila hicho kidonge ungemshika na nini?"

Nililia mbele yake na mbele ya nesi, kwa sauti. Sikuona haya. Nilikuwa nimeogopa kumdhuru mtoto, na kwa woga huo huo nilikuwa nimemnyima mikono yangu.

Alikuwa wa kike. Mama mkwe alifika na basi la jioni, na jina lake likamsubiri mlangoni kama ilivyopangwa. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilimkuta sebuleni kwangu amejifunga kanga kifuani, amelishusha beseni langu la bluu kutoka kabatini, na anamwogesha mjukuu wangu.

Na alijua kuogesha, hilo ndilo lililokuwa baya. Kama angeboronga ningepumua. Alikishika kichwa vizuri, akaanza na uso, akageuza kwa mkono mmoja, akapaka mafuta ya nazi kwenye mikunjo yote, mtoto hata hakulia. Mimi nilikaa kwenye kochi, mikono imelala mapajani. Nilikuwa na wivu. Nausema wazi kwa sababu wiki zile haukuwa na jina jingine. Kila asubuhi nilimtazama mgeni akifanya kazi niliyoingojea tangu binti yangu avunje ungo, na nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nilimtakia basi la kurudia.

Jirani yangu akawa anakuja na supu ya vibua. Wawili wale wakapatana. Nilikuwa nikiwasikia jikoni kwangu wakimenya ndizi na kucheka, mmoja akimfundisha mwenzake udi wa kumfukizia mzazi, na ninajua walikuwa wananicheka mimi.

Binti yangu hakucheka. Jirani alimwambia kila kitu, tangu kufuli mpaka unga. Usiku alipokuwa ananyonyesha aliniuliza, "Kwa hiyo mama ulikuwa unaumwa muda wote huo, mimi najua umenenepa?"

"Ulikuwa mjamzito. Sikutaka kukupa mawazo."

"Sasa umenipa mtoto na mawazo kwa pamoja."

Akainuka na mtoto wake begani, akaenda jikoni, akarudi mkono umejaa unga mpaka kwenye kiwiko. Akazipangusa pakiti za dawa moja moja kwa nepi ya kitambaa, akaziweka juu ya friji. Zile zilizokuwa zimeharibika akaniagizia nyingine kesho yake. Tangu siku hiyo hakunigusia tena habari hiyo, na mimi nikadhani yamekwisha.

Mikono ilirudi taratibu. Haikurudi yote. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kidogo na daktari anasema kitabaki hivyo. Lakini asubuhi zikaanza kuwa fupi. Nikaanza kufunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kisha nikamenya ndizi, kisha nikajaribu mkasi nyumbani kwenye kanga kuukuu, ukakata. Prednisoloni ikaanza kupunguzwa kwa ruhusa. Mashavu yakaanza kushuka, na pale Kariakoo watu wakaniuliza kwa sauti ya chini kama nina matatizo.

Ikafika siku ya mama mkwe kuondoka, mashamba yalikuwa yanamwita. Mzigo wake ulikuwa umeshashushwa chini kwenye bajaji. Aliinama akalichukua beseni lililokuwa linakauka barazani, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Mama," akaniambia, "nilikuwa nakushikia tu. Kazi hii ni yako."

Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima na yeye muda wote alijua amekaa kwenye kiti cha nani. Nikamwambia arudi mvua zikiisha, na nilikuwa nasema kweli.

Kesho yake niliamka mapema. Nikachemsha maji, nikayachanganya, nikayapima kwa kiwiko. Nikatandika taulo, nikaweka sabuni mkono wa kulia na mafuta ya nazi mkono wa kushoto, kama mama yangu alivyokuwa akiweka. Nikapiga magoti mbele ya beseni, magoti yakalalamika, nikayaacha yalalamike. Nikafungua na kufunga vidole ndani ya maji yale ya vuguvugu. Vilifunga.

Binti yangu akatoka chumbani na mtoto amemfunga kwenye kanga. Nikanyoosha mikono. Hakumtoa.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua."

"We mtoto, mimi ni mama yako."

"Shikamoo mama. Fungua."

Alipokuwa mdogo akiugua malaria, klorokwini alikuwa anaificha shavuni, halafu anaenda kuitema nyuma ya mlango. Kwa hiyo nilimzoesha. Kidonge, maji, kinywa wazi, ulimi juu, ulimi chini, nitazame kila upande ndipo nimwachie akacheze. Alikuwa akinichukia kwa hilo.

Nikafungua kinywa. Nikainua ulimi, nikaushusha. Akainama na mtoto wake kifuani, akatazama shavu la kulia, akatazama la kushoto, hakuharakisha. Ndipo akanipa.